Kabla ya Kulipia Nyongeza ya Gemu
Jiulize kwanza kama gemu yenyewe umeimaliza, kwa kuwa wengi wetu, nami nikiwemo, hununua nyongeza, yaani sehemu mpya ya gemu inayouzwa kando, ilhali gemu yenyewe haijafika hata nusu. Kisha pima unachopewa: mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa gemu yake ya Oblivion kwenye mashine ya Xbox 360 deraya za farasi kwa dola 2.50, karibu pambo tupu, ilhali Blood and Wine, nyongeza ya gemu ya The Witcher 3, iliyotoka mwaka 2016 kwa dola 20 hivi, ilileta nchi nzima ya kubuni ya Toussaint na visa vya kuchezwa kwa saa nyingi. Usipokuwa na haraka, subiri toleo linalojumuisha nyongeza zote, ambalo mara nyingi hushushwa bei, na uhakikishe bando lako linatosha kulipakua.