Kidato cha Kwanza Kikiwa Kimya: Hatua Ninazofuata

Mwalimu mwenzangu, ukimya wa kidato cha kwanza usiuite uvivu. Wengi wametoka shule za msingi za serikali, miaka saba kwa Kiswahili, na sasa fizikia inawajia kwa Kiingereza. Jibu wanalo, maneno hawana, na wanaogopa kuchekwa. Nitaonyesha kwa somo la densiti, yaani kiasi cha maada kilichomo katika ujazo fulani.

1. Anza na la kubishania, si fasili ubaoni. Beba yai bichi na glasi mbili za maji. Katika moja koroga vijiko vitatu vya chakula vya chumvi kabla hujaingia darasani. Shika yai juu ya glasi: litazama au litaelea? Kila mmoja aandike daftarini kwanza. Aliyekwisha kuandika hutaka kujua kama kapatia. Sasa tumbukiza, glasi moja kisha ya pili, uulize: kwa nini?

2. Nyamaza. Hii ndiyo ngumu kuliko zote. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyechunguza vipindi vya sayansi, alikuta walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Mimi huhesabu moyoni hadi tano. Utahisi kipindi kinapotea, vumilia.

3. Wawili wawili, dakika mbili, kwa Kiswahili. Najua zipo shule zinazomwadhibu anayeongea Kiswahili. Kwa dakika hizi mbili, tafadhali, waache. Mtoto hawezi kutafuta wazo na msamiati kwa wakati mmoja. Pita kati ya madawati ukisikiliza bila kusahihisha. Ukisikia "maji ya chumvi ni mazito zaidi", rudi ubaoni, andika sentensi ya Kiingereza yenye pengo, nao waijaze.

4. Chomoa kizibo. Andika namba za wanafunzi kwenye vizibo vya soda, uvitie koponi. Anayetoka umuulize, "Wewe na mwenzako mmesemaje?" Jibu likiwa la wawili, aibu ya kukosea hupungua. Akikosea, waulize wengine nani anakubali na nani anapinga, naye abaki kwenye mjadala.

5. Kikaratasi cha mwisho. Sentensi moja: kwa nini yai limeelea? Ukiwa na wanafunzi themanini usisahihishe. Panga mafungu matatu, walioelewa, wanaokaribia na ambao bado. Fungu la tatu likiwa nene, kesho yai linarudi mezani.