Namna ya kuendesha gari Dar ukafika salama na wenzako nao wakafika

Wengi wanaohamia Dar na gari yao kutoka mkoani wanashtuka siku ya kwanza tu. Unatoka Tegeta saa kumi na mbili asubuhi, uko zako njia ya kushoto na spidi ya kawaida, mara daladala inakuchomekea bila indiketa, bodaboda wawili wanakupita mmoja kushoto mmoja kulia, nyuma kuna mtu anakuwashia taa ful umpishe wakati mbele foleni imesimama kabisa, yaani ukifika mataa ya Mwenge mikono inatetemeka. Alafu ukihadithia ofisini utaambiwa "Dar inabidi uwe mkorofi, ukiwa mpole hufiki". Ndugu yangu, ushauri huo usiufuate. Mimi nimeendesha jiji hili miaka kumi na tatu, karibu kila siku, na kitu ambacho kimenifikisha nyumbani ni kuacha nafasi. Nafasi mbele, nafasi pembeni, na nafasi ya muda. Fujo za mwenzako huwezi kuzizuia, ila unaweza kuhakikisha zinakukuta ukiwa na mahali pa kukwepea.

Tuanze na muda maana fujo nyingi zinaanzia kitandani. Mtu kachelewa kuamka, anataka dakika zake azilipe barabarani. Hebu piga hesabu mwenyewe: barabara ya Bagamoyo kutoka Tegeta mpaka Mwenge ni kama kilomita 13. Ukienda 50, ambayo ndo spidi halali maeneo ya makazi, unatumia kama dakika 16. Ukienda 80 unatumia kama 10. Kwahiyo umeokoa dakika sita, na hizo sita ni kama barabara ingekuwa nyeupe haina mtu, lakini tunajua sote utakuta mataa na foleni na yule uliyemuovateki kwa fujo Kunduchi mnasimama naye bega kwa bega Lugalo. Sasa angalia upande wa pili wa hesabu. Ukiwa 50, kuanzia jicho linapoona hatari mpaka gari isimame unahitaji karibu mita 30 kwenye lami kavu. Ukiwa 80 unahitaji karibu 60. Mvua ikinyesha ongeza sana hapo, na zile dakika za mwanzo za mvua ndo mbaya zaidi maana mafuta na vumbi vilivyokuwa juu ya lami vinageuka utelezi. Dakika sita kwa mita thelathini. Amka mapema tu, wala huna haja ya kubishana na mtu. Na usiwe kama wale wanaopunguza spidi wakiambiwa kuna tochi ya trafiki ya kupima spidi mbele, wakishampita trafiki wanakanyaga tena, maana mtoto anayevuka mbele huko hana tochi.

Nafasi ya mbele inapimwa hivi. Gari iliyo mbele yako ikipita nguzo ya taa au kibao chochote, anza kuhesabu taratibu "mia moja na moja, mia moja na mbili". Kama wewe umefika kwenye ile nguzo kabla hujamaliza, umemsogelea mno, achia mafuta kidogo. Usiku au mvua hesabu mpaka mia moja na nne. Najua utaniambia kwamba Dar ukiacha nafasi mtu anachomekea. Ni kweli atachomekea. Mwache. Akishaingia wewe achia tena mafuta upate nafasi nyingine. Nimefanya hivi miaka yote na hata wakiingia kumi kutoka Mbezi mpaka Posta, kila mmoja amekupunguzia urefu wa gari yake tu, haifiki hata dakika moja. Wanaokaa bampa kwa bampa kuzuia watu wasiingie ndo unawakuta kwenye makutano ya Morocco pale wamesimama katikati ya njia wanaangaliana taa zilizovunjika, na foleni yote nyuma yao inaumia.

Daladala inahitaji uielewe kabla hujaikasirikia. Dereva na konda wake wengi hawana mshahara wa maana, wana hesabu ya tajiri, pesa fulani lazima ifike jioni, alafu mafuta wanajaza wao, kinachobaki ndo chao. Na kuna siku aliyeshika usukani ni deiwaka tu, kapewa gari masaa machache aipige tripu. Kwahiyo kila abiria aliyesimama pembeni ni pesa inayoweza kuchukuliwa na daladala ya nyuma yake, ndo maana anafunga breki popote na anachomoka kituoni bila kuangalia. Sisemi hivi kumtetea, anaua watu na inaniuma sana, ila ukishajua kinachomsukuma unaweza kujua sekunde tatu kabla atafanya nini. Angalia konda. Akigonga bodi, gari inasimama sasa hivi. Akitoa mkono nje na kuupunga kwenda chini, wanataka kuingia upande wako, na wataingia hata usipotaka. Ukiona mtu kanyoosha mkono pembeni ya barabara na daladala iko mbele yako, wewe anza kupunguza kabla taa zake za breki hazijawaka. Na ukiikuta imesimama kituoni usiipite karibu na kwa kasi, kuna mtu atatokea mbele ya pua yake akikimbilia ng'ambo, mara nyingi ni yule aliyeshuka hapo hapo.

Bodaboda na bajaji shida yao kubwa ni kwamba wako pale ambapo wewe hujaangalia. Kabla hujakata kushoto, hata kama uko njia ya kushoto kabisa na unadhani hakuna mtu anayeweza kupita hapo, angalia kioo cha kushoto alafu geuza shingo, maana atakuwepo. Washa indiketa mapema, sio wakati usukani umeshaanza kuzunguka. Kwenye foleni ukitaka kushuka au abiria wako anataka kushuka, usiruhusu mlango ufunguliwe hovyo. Dereva, fungua mlango wako kwa mkono wa kushoto, ule wa mbali na mlango, utaona mwili wenyewe unageuka na macho yanaangalia nyuma. Abiria wa kushoto afungue kwa mkono wa kulia. Nimewazoesha hivyo hata wanangu. Mlango uliofunguka ghafla unamtoa mtu wa boda kwenye pikipiki na kumtupa chini ya gari inayofuata.

Barabara ya Morogoro na zile nyingine zenye mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yao peke yao, zina hatari yake ambayo hata wenyeji tangu 2016 bado inawapata. Njia ya mabasi iko katikati, kwahiyo ukitaka kukata kulia basi linaweza kutokea mbele na linaweza kutokea nyuma yako upande wa kulia, na lile refu la mita 18 halisimami kirahisi. Usikate kwa kuangalia gari za mbele tu. Subiri taa yako au mkono wa trafiki, na trafiki akiwa kasimama katikati mfuate yeye, taa achana nazo. Na ile njia usiingie hata foleni iwe ndefu vipi, hata ukiona msururu wa magari makubwa umeingia. Watu wanaovuka pale wamezoea kusikiliza basi, hawategemei gari ndogo inayokuja kimya kimya na kasi.

Kutanua ndo ugonjwa mwingine. Foleni ikisimama mtu anashuka kwenye vumbi la pembeni, anapita magari arobaini, alafu anarudi kuchomekea mbele. Pale pembeni ndo watu wanatembea, kuna mama wa mihogo, kuna wanafunzi. Wewe kaa kwenye mstari. Akifika kwako anaomba kuingia, mpe nafasi aingie, najua inauma, ila ukimbania ataendelea kukaa kwenye njia ya waenda kwa miguu na hapo anayeumia sio wewe wala yeye. Kwenye kipilefti mpishe aliyeko kulia kwako, yaani yule ambaye tayari yuko ndani ya mzunguko, na kama kutokea mbele kumejaa usiingie, subiri nje. Kipilefti kikifungwa na magari manne tu yaliyolazimisha, hata ambulansi yenye mgonjwa haipiti.

Usiku mtu akikuja na ful usimrudishie, mtakuwa vipofu wawili. Punguza spidi na macho yako yafuate ukingo wa kushoto wa lami mpaka apite.

Ukiwa abiria nawe una kazi. Dereva akianza ligi na mwenzake, usiseme peke yako kwa hasira maana atakujibu "shuka upande yako". Mwambie konda kwa sauti ya kawaida ambayo gari zima linasikia, "kaka mwambie dereva apunguze, tuna watoto humu", ukishaanza utasikia na mama wa nyuma anaunga mkono, gari zima likisema anapunguza. Asipopunguza shuka kituo kinachofuata, nauli nyingine ni hela ndogo. Na boda usikubali mshikaki, yaani kupakiwa zaidi ya abiria mmoja, hata kama ni mtoto mdogo anayekaa katikati, na kofia ngumu uifunge mkanda wake chini ya kidevu, ukiiweka tu kichwani ukidondoka inatangulia kuruka.

Nimeiacha zebra mwisho maana hapa ndo naomba usome taratibu.

Barabara zetu nyingi sasa zina njia mbili kila upande, na hapo zebra imekuwa mtego. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naelekea Mwenge, karibu na Tangi Bovu, saa moja kasoro asubuhi. Binti wa shule ya msingi, sketi ya bluu na shati jeupe, kasimama kwenye zebra na mfuko wa madaftari kifuani. Nilikuwa njia ya kushoto nikasimama vizuri tu, nikampungia mkono apite. Akaniamini. Akakimbia kama watoto wanavyokimbia wakipewa njia. Gari ndogo nyeupe iliyokuwa nyuma yangu ikaona nimesimama, haikujiuliza nimesimama kwa nini, ikahamia kulia ikanipita. Yule binti alikuwa keshafika mwisho wa bampa langu. Sijui aliisikiaje ila alijivuta nyuma, na kioo cha ile gari kikaubeba ule mfuko, madaftari yakatawanyika barabara nzima. Ile gari haikusimama. Mimi nilishuka tukayaokota na konda mmoja aliyekuwa kituoni, mtoto hakulia, alikuwa anatetemeka tu midomo na kuniuliza kama daftari la hesabu limeonekana. Aliyemwambia vuka nilikuwa mimi. Nimelibeba hilo mpaka leo.

Kwahiyo sasa nafanya hivi na wewe naomba ufanye hivi. Ukiona zebra kwa mbali, hata kama hakuna mtu, angalia kioo cha nyuma na cha kulia ujue nani anakufuata na kwa kasi gani. Ukiona mtu anataka kuvuka anza kupunguza mapema sana, gusa gusa breki taa ziwake mara kadhaa ili wa nyuma naye ajiandae. Washa hazadi. Toa mkono wa kulia nje ya dirisha, kiganja chini, uupandishe na kuushusha taratibu, madereva wa hapa wanaijua ishara hiyo na wengi wanaiheshimu kuliko taa. Simama nyuma ya mstari mita tatu au nne, sio juu yake, ili gari yako isimfiche anayevuka na yule wa njia ya pili amuone. Wa kulia asiposimama, piga honi ndefu, hapo honi ina kazi yake. Na usimpungie mtu mkono avuke, kamwe, maana wewe unaijua njia yako tu. Simama na utulie, aamue mwenyewe. Na ukiwa wewe ndo uko njia ya pili, ukiona gari ya pembeni imesimama karibu na zebra simama nawe, hata kama huoni mtu. Kama humuoni ni kwa sababu ile gari imemficha.

Wa nyuma atapiga honi, atatukana, muache apige. Mguu usitoke kwenye breki mpaka wa mwisho akanyage ng'ambo, na kama kuna mzee au mtu wa fimbo mpe muda wake wote.

Nyumbani mtoto anayeenda shule kwa miguu nenda naye siku tatu nne mpaka kwenye zebra yake, umuonyeshe kwa vitendo. Gari ya kwanza ikisimama, atembee asikimbie, akifika mwisho wa bampa lake asimame tena, achungulie njia ya pili mpaka aone tairi za gari zimesimama kabisa, ndo amalizie. Hata dereva akimpungia mkono, asimame pale achungulie kwanza.