Fomu Ikigoma, Angalia JavaScript Kabla Hujapanga Foleni Kwangu

Nina steshenari Morogoro. Msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ukifika, wanafunzi huja na simu zao wakinionyesha maandishi yaleyale: ukurasa unawataka wawashe JavaScript. Wengine wanakuja wameshamaliza bando kupakua Java, programu nyingine kabisa isiyohusika hapa. Jamani, hakuna cha kupakua. JavaScript ni lugha ya programu inayofanya kurasa za tovuti zifanye kazi, na imo tayari ndani ya kivinjari chako, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome. Brendan Eich aliitunga mwaka 1995 akiwa Netscape, na leo kila kivinjari kikubwa kinakuja nayo ikiwa imewashwa. Tangazo likikuambia "bonyeza hapa upakue JavaScript", lifunge haraka, hao ni matapeli.

Kwenye fomu, JavaScript ndiyo inayoleta orodha ya wilaya ukishachagua mkoa, na ndiyo inayokukatalia picha ya pasipoti iliyozidi ukubwa. Ikizimwa, unabonyeza kitufe cha kutuma mpaka kidole kinauma na hakuna kinachoendelea.

Mtu akija na simu, kwanza namuuliza: unatumia Opera Mini? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na hapo nimeshajua. Opera Mini ikiwekwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha kubana data, ukurasa haufiki kwako moja kwa moja. Seva za Opera, yaani kompyuta zao za mbali, zinaufungua kwanza hukohuko, zinaubana, ndipo zinakutumia. JavaScript nayo inaendeshwa kwenye seva hizo, tena kwa sehemu tu. Kwa kusoma habari za Simba na Yanga kwa bando dogo, sina ubishi nayo. Kwa fomu yenye kurasa sita na vyeti vya kupandisha, achana nayo. Usihangaike kutafuta swichi ya JavaScript humo. Shusha kiwango cha kubana data, au chukua anwani ileile uifungue kwa Chrome.

Kwenye Chrome ya Android gusa vidoti vitatu vya juu kulia, ingia Settings, shuka mpaka Site settings, kisha JavaScript. Simu yako ikiwa ya Kiswahili, utaanzia kwenye Mipangilio. Swichi iwe imewashwa. Ukiikuta imewashwa tayari, angalia chini yake kama kuna orodha ya tovuti zilizozuiwa. Simu za familia zina mambo: mtoto anagusa hiki, mjomba anagusa kile, tovuti moja inafungiwa peke yake na nyingine zote zinakwenda vizuri.

Kwenye kompyuta kuna njia ya mkato. Andika chrome://settings/content/javascript pale juu panapokaa anwani, bonyeza Enter, chagua mstari wa kwanza unaoruhusu tovuti kutumia JavaScript. Wa Edge waandike edge://settings/content/javascript. Kwenye kompyuta ya ofisi unaweza kukuta sehemu hiyo imefifia na haibonyezeki. Mwenye funguo ni mtu wa IT, mfuate yeye.

Firefox ndiyo inayowasumbua wengi, kwa sababu tangu toleo la 23 la mwaka 2013 kile kisanduku cha JavaScript kiliondolewa kwenye mipangilio ya kawaida. Andika about:config, kubali onyo linalotokea, kisha tafuta javascript.enabled. Mbele yake pasomeke true. Pakisomeka false, bonyeza mara mbili kwenye mstari huo, itageuka. Vitu vingine vya humo usiviguse.

Wenye iPhone hawapitii ndani ya Safari, wanaingia Settings ya simu yenyewe: Safari, Advanced, kisha JavaScript. Kuanzia iOS 18 ya mwaka 2024, Safari imehamishiwa ndani ya Apps, kwa hiyo anzia hapo.

Sasa, kabla hujarudi kwenye fomu na kuupakia ukurasa upya, subiri. Kama ulishaandika maelezo marefu, yanakili kwanza na uyabandike mahali pengine, hata kwenye meseji ya kujitumia mwenyewe. Ukurasa ukipakiwa upya, kisanduku kinaweza kurudi kitupu. Nimeshaona watu wazima wakitokwa na machozi mbele ya kaunta yangu kwa hilo.

Kila kitu kimewashwa na bado inagoma? Kwenye kompyuta, fungua dirisha fiche kwa Ctrl, Shift na N ndani ya Chrome, kisha ingia kwenye fomu kupitia humo. Kwa kawaida viendelezi, yaani programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari, havifanyi kazi kwenye dirisha hilo. Fomu ikikubali, mchawi wako ni kiendelezi cha kuzuia matangazo au skripti. Kwa maoni yangu si lazima ukitoe. Kiambie kiiache tovuti hiyo moja. Wanaotumia kivinjari cha Brave wabonyeze alama ya simba pembeni ya anwani waangalie kama skripti zimezuiwa.

Ukurasa mweupe usio na onyo lolote ni ugonjwa mwingine. Hapo mara nyingi JavaScript imewashwa, ila faili zake hazijafika kwa sababu ya mtandao, au kivinjari ni cha zamani na hakizielewi. Hamia penye mtandao mzuri, jaribu tena, kisha sasisha Chrome kutoka Play Store. Ila simu ya Android 7 haivuki Chrome 119 ya mwaka 2023, hata ukisasisha vipi. Mwenye simu hiyo namshauri aazime ya ndugu yake kwa nusu saa, ajaze, apakue nakala ya PDF, na atoke kabisa kwenye akaunti kabla ya kuirudisha.