Uhuru au Ruto, nani alileta kazi zaidi? Hatua za kukagua hesabu kabla ya mjadala

Mimi hutayarisha mijadala ya siasa redioni, huku Pwani ya Kenya. Mgeni mmoja anasema rais wake alileta "ajira laki nane kwa mwaka", mwenzake anasema rais wa upande wake alimpita huyo, kisha mzazi anapiga simu kutoka Likoni kuuliza mbona mwanawe ana diploma na bado yuko nyumbani. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli. Hizi ndizo hatua ninazofuata kila mara ili mjadala usiishie kwenye kelele.

Hatua ya 1: Andika dai zima, neno kwa neno

Nani amesema, anazungumzia miaka gani, na ametaja "ajira", "kazi" au "nafasi za kazi"? Ahadi na rekodi ziweke kando kando. Mwaka 2002 muungano wa NARC uliahidi ajira 500,000 kwa mwaka. Jubilee, chama cha Uhuru, mwaka 2017 kiliahidi milioni 1.3 kwa mwaka. Hizo ni ahadi. Rekodi hutafutwa kwingine.

Hatua ya 2: Fungua ripoti yenyewe

Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, hutoa ripoti ya uchumi kila mwaka, aghalabu mwezi Mei. Nenda kwenye sura ya ajira. Usitosheke na taarifa ya waziri wala picha ya jedwali iliyosambazwa WhatsApp.

Kuna mambo mawili ya kushika hapo. Kwanza, wakulima wadogo na wafugaji hawamo katika hesabu hiyo, kwa hiyo mwenye shamba dogo la mahindi Trans Nzoia na mwenye ng'ombe Tana River hawahesabiwi. Pili, "ajira mpya" ni tofauti ya jumla mbili tu: jumla ya mwaka huu ukitoa ya mwaka jana. Mwaka 2023 jumla ilikuwa watu milioni 20.0, mwaka 2024 milioni 20.8, na ajira mpya zikatajwa kuwa 782,300. Waliofutwa kazi na walioajiriwa wameshachanganywa humo ndani.

Hatua ya 3: Tenganisha jua kali na kazi rasmi

Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kati ya zile 782,300 za mwaka 2024, chini ya William Ruto, 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi, ile tunayoiita jua kali. Zilizobaki ni 78,600. Mwaka 2016, chini ya Uhuru Kenyatta, ajira mpya zilikuwa 832,900, na 747,300 kati yake zilikuwa za jua kali. Marais wawili, vyama viwili, na katika miaka yote miwili takriban tisa katika kila kumi ni zile kazi ambazo mtu amejitafutia mwenyewe.

Mfano wa mhudumu wa hoteli Diani unasaidia kulielewa jambo hili. Hoteli inafungwa, anachukua bodaboda kwa mkopo, anaanza kubeba abiria. Katika jedwali ametoka safu moja na kuingia nyingine, na jumla haikusogea hata kidogo. Lakini mshahara wa mwisho wa mwezi umekwenda, akiba ya uzeeni ya NSSF imekwenda, na mvua ikinyesha siku nzima hakuna pesa ya unga. Anayesoma jumla peke yake hatamwona mtu huyu, na huyu ndiye anayetupigia simu.

Tena, kazi rasmi huacha karatasi: kodi ya mshahara, michango, orodha ya mwajiri. Kibanda cha mboga Kongowea hakina orodha, kwa hiyo hesabu ya jua kali ni ya makadirio. Siyadharau makadirio hayo wala siidharau kazi ya mama mboga, maana ndiyo inayosomesha watoto wetu. Ninachokataa ni rais yeyote kuitia kwenye kapu lake kana kwamba yeye ndiye aliyemnunulia mizani.

Hatua ya 4: Kata kalenda kwa haki

Uhuru aliapishwa tarehe 9 Aprili 2013, Ruto tarehe 13 Septemba 2022. Ajira 816,600 za mwaka 2022 ni za nani? Uhuru alikuwa Ikulu miezi minane na zaidi ya mwaka huo, lakini nimesikia zikidaiwa na pande zote mbili. Mimi huweka kando miaka ya kupokezana, 2013 na 2022, na kulinganisha miaka kamili tu.

Hatua ya 5: Amua utaifanyaje Covid, kisha useme wazi

Hapa ndipo ushindi huuzwa na kununuliwa, kwa hiyo toa kikokotoo. Natumia takwimu zilivyotolewa mara ya kwanza, kwa maelfu.

Uhuru, miaka sita kamili kabla ya Covid: 799.7 (2014), 841.6 (2015), 832.9 (2016), 897.8 (2017), 840.6 (2018), 846.3 (2019). Wastani ni takriban 843,000 kwa mwaka.

Sasa ongeza 2020, mwaka ambao ajira 737,500 zilipotea, na 2021, zilipopatikana 926,100. Wastani wa miaka minane unashuka hadi takriban 656,000.

Ruto, miaka miwili kamili ya mwanzo: 848,200 (2023) na 782,300 (2024). Wastani ni takriban 815,000.

Umeona? Ukiiacha Covid nje, Uhuru yuko mbele. Ukiiingiza, Ruto yuko mbele. Hakuna aliyebuni tarakimu hata moja. Mgeni anayeficha chaguo hilo ndiye anayepotosha, na ni haki ya msikilizaji kusomewa wastani wote wawili.

Angalia pia ile 926,100 ya 2021, ambayo ilisifiwa sana. Toa 737,500 zilizopotea mwaka uliotangulia, zinabaki 188,600 kwa miaka miwili. Wengi walikuwa wanarudi palepale walipotolewa.

Hatua ya 6: Geuza kuwa asilimia

Mwaka 2014 jumla ilipanda kutoka milioni 13.5 hadi 14.3, karibu asilimia 6. Mwaka 2024 ongezeko linalokaribiana na hilo lilikuwa chini ya asilimia 4, kwa sababu msingi ulikuwa umekua. Vijana wanaomaliza shule nao wameongezeka.

Hatua ya 7: Chuja kazi za muda na za ng'ambo

Kazi Mtaani, mpango wa serikali, iliwapa vijana kibarua wakati wa Covid, shilingi 455 kwa siku katika awamu ya pili. Ilisaidia, kisha ikaisha. Fundi kwenye mradi wa nyumba za bei nafuu naye hana uhakika wa kazi baada ya paa kuezekwa. Mwambie mgeni ataje miezi, asitaje vichwa tu. Na Mkenya aliyepata kazi Saudi Arabia au Qatar anastahili heshima kwa jasho lake, ila hiyo ni ajira iliyoundwa Riyadh au Doha. Iandike kwenye mstari wake.

Hatua ya 8: Ingia studio na karatasi moja

Mimi hubeba ukurasa mmoja wenye safu nne: mwaka, jumla, jua kali, rasmi. Nampa kila mgeni nakala dakika kumi kabla ya kwenda hewani, wa serikali na wa upinzani sawasawa, ili asiwepo wa kusema ameviziwa. Mgeni akitaja jumla, mtangazaji anamuuliza: "Kati ya hizo, ngapi zina mshahara wa mwezi?" Kisha ananyamaza na kumwacha ajibu.

Ukurasa huo usiutupe. Takwimu za mwaka wa mwisho kwenye ripoti huwa za muda, na toleo linalofuata huweza kuzirekebisha. Kila Mei ninaukagua upya kwa kalamu nyekundu, na kama tulitangaza tarakimu iliyobadilika, tunaisahihisha hewani katika kipindi kilekile, saa ileile.