Simuleta ya ndege: uiache wazi au uizime ukimaliza kuruka?

Wengi tunaiacha simuleta, yaani programu ya kuendeshea ndege kwenye kompyuta, wazi kwa sababu moja tu, kuifungua upya kunachosha. Unabonyeza, nembo zinapita moja moja, mara inakwambia kuna apdeti, ukifika kwenye menyu bado hujapakia hata uwanja, kwa hiyo mtu anaona bora iendelee tu hivyohivyo mpaka kesho. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Siku hizi simuleta naifunga, kompyuta yenyewe sio lazima.

Kwanza elewa kwamba ikiwa kwenye menyu haijapumzika. Kwenye MSFS (Microsoft Flight Simulator) ile ndege unayoiona imepaki kwenye hanga inachorwa upya muda wote, kadi ya grafiki inaweza kuhangaika kama vile uko angani, feni zinavuma na mtu hayupo. Jaribu mwenyewe, weka pozi, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye Performance uangalie GPU, ndo hiyo kadi ya grafiki. Ukikuta namba kubwa, weka kikomo cha fremu, yaani picha inazochora kila sekunde, 30 zinatosha kabisa kwa ndege za abiria. Mashine ikivuta wati 300 kwa saa 8 hizo ni yuniti 2.4 za umeme, na wewe umelala zako.

Hapohapo angalia na RAM, memori ya kompyuta. Andika namba ukianza, angalia tena baada ya safari ya pili au ya tatu, kama inapanda tu na haishuki basi kuna kitu kinashika memori hakiachii, mara nyingi ni ndege au mandhari ulizoongeza mwenyewe, na ndo maana uwanja uliotua vizuri asubuhi jioni unakatakata. Hapo hakuna ujanja, funga ufungue upya.

Ukitoka dakika chache, weka pozi tu. X-Plane, ile simuleta nyingine, ni herufi P, MSFS bonyeza Esc. Ile Active Pause ya MSFS mimi siiamini sana, inagandisha ndege mahali ilipo lakini mifumo mingine inaendelea, ukiitoa jiandae kushika usukani. Na kama uko VATSIM, mtandao wa kuruka pamoja na waongozaji wa kujitolea, usijisahau, kuacha ndege bila mtu zaidi ya dakika 30 wanaweza kukutoa, kwa hiyo jitoe mwenyewe kwanza ndo uondoke.

Kuilaza kompyuta (Sleep) na simuleta ikiwa wazi, hapo nimeumia. Nilifunga laptopu nikiwa juu kabisa, otopailoti imeshika, asubuhi nafungua kila kitu kiko sawa, nikasema kumbe rahisi hivi. Wakati wa kushuka navuta throto, ule mkono wa nguvu za injini, nyuma, injini haziitikii, ziko palepale, spidi inapanda mpaka kwenye alama nyekundu ya hatari. Throto ya USB ilikuwa imepotea usiku na simuleta haikusema neno. Kama lazima uilaze, nenda Device Manager, fungua USB Root Hub moja moja, kwenye Power Management toa tiki ya kuruhusu Windows izime kifaa kuokoa umeme. Ukiamka tikisa kila jostiki kabla hujatoa pozi.

Kama hurudi leo, sevu halafu funga. X-Plane inatunza faili la .sit, MSFS la .flt. Ila ndege zenye mifumo mingi zinaweza kurudi na FMC (kompyuta ya ndege inayoshika ruti) tupu, ruti imepotea, kwa hiyo andika kwenye karatasi mafuta yaliyobaki, mwinuko na pointi inayofuata. Ukiweza, sevu ukiwa umeshapaki, injini zimezimwa, usumbufu unapungua sana.

Kitu kingine watu hawakijui, kwenye Windows 10 na 11 ukibonyeza Shut down wakati Fast Startup imewashwa, sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ilivyo. Kama simuleta inakusumbua bila sababu, bonyeza Restart, hiyo ndo inaanza upya kweli.

Naiacha wazi usiku kucha kwa kitu kimoja tu, safari ndefu ya kuvuka bahari. Nashusha grafiki, fremu 30, na alamu naiweka ilie nusu saa kabla ya kuanza kushuka. Kuzima kioo peke yake hakusaidii sana, kadi inaendelea kuchora hata kama huoni kitu.