Kufuatilia Madai ya Ardhi Iliyokuwa Hifadhi ya Jeshi la Mkoloni: Mfano wa Kibera

Anayetaka kuandaa madai juu ya ardhi iliyowahi kutengwa kwa ajili ya jeshi katika koloni la Uingereza asianze kwa kuuliza ni ukoo gani uliokaa pale muda mrefu zaidi. Aanze kwa kuuliza serikali iliipataje ardhi hiyo, iliwakaribisha watu kwa maneno gani, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuyabadilisha maneno hayo baadaye. Katika mwongozo huu nitatumia Kibera ya Nairobi, walikokaa askari Wanubi, wenye asili ya Sudan, wa Keya (jeshi la King's African Rifles) na familia zao tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa maswali yote matatu yanajitokeza hapo waziwazi.

Tafuta kwanza tangazo lililoitenga ardhi. Matangazo ya aina hiyo yalichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na Kibera ilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918, ikiwa na ukubwa wa takriban ekari 4,197. Nakili mipaka kama ilivyoandikwa, kisha ilinganishe na ramani za upimaji za miaka ile, kwa sababu majina ya mito na njia hubadilika na shahidi wa leo anaweza kutaja mto mmoja akimaanisha mwingine. Pamoja na tangazo, isome Sheria ya Ardhi za Mfalme ya mwaka 1915, iliyohesabu hata ardhi waliyokalia Waafrika kuwa mali ya Mfalme. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika kesi ya Isaka Wainaina, mahakama ya Nairobi ilishikilia kwamba Waafrika walioishi juu ya ardhi hiyo walikuwa wapangaji wanaoweza kuondolewa Serikali itakapotaka. Msimamo huo ni mgumu kuukubali, lakini asiyeujua hataelewa kwa nini wakazi walijibiwa jinsi walivyojibiwa.

Hatua inayofuata ndiyo inayohitaji subira kuliko zote, nayo ni kusoma vibali. Jeshi liliwapa askari waliotumikia vibali vya kukaa na kulima, vilivyojulikana kama pasi za shamba. Kibali si hatimiliki, na wadai wengi hujikwaa hapa kwa kukipeleka kortini kana kwamba kinatosha peke yake. Kinachofaa ni kukitumia kama ushahidi wa ahadi: angalia aliyekitia saini, cheo chake, tarehe, na masharti yaliyotajwa au yaliyoachwa. Mzee anaposimulia kwamba ofisa aliwaambia babu zake wajenge na wazike pale, usiandike tu kwamba “waliahidiwa”. Muulize ni ofisa gani, wa kikosi gani, mwaka gani na mbele ya nani, kisha maelezo yake yawekwe katika hati ya kiapo angali na nguvu za kusimulia.

Usipuuze pia siku ardhi ilipobadilisha msimamizi. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, na wakazi waliozoea kusikilizwa na makamanda wao wakajikuta mbele ya maofisa ambao hawakushiriki katika ahadi zile. Barua za kipindi hicho zitafutwe katika Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, na katika hifadhi ya nyaraka ya Uingereza iliyoko Kew, ambako mawasiliano ya Kenya na Wizara ya Makoloni yamo katika mfululizo wa CO 533. Baada ya hapo soma ripoti ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, iliyotolewa mwaka 1934. Ilisema Wasudani wa Kibera, kama Wanubi hao walivyoitwa, hawakuwa na umiliki wa kisheria, ila Serikali ilikuwa na wajibu kwao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo karatasi yenye manufaa zaidi kwa mdai, kwa sababu ni chombo cha mkoloni mwenyewe kinachokiri deni.

Kuhusu pa kupeleka madai, usitegemee hoja ya kukaa miaka 12 bila kupingwa, kwani sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka hairuhusu kuipata ardhi ya Serikali kwa njia hiyo. Tume ya Taifa ya Ardhi ilipewa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka miaka mitano ya kuwasilisha madai, hivyo thibitisha na wakili iwapo mlango huo bado uko wazi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko baada ya njia za nyumbani kutumika, isipokuwa zinapocheleweshwa kupita kiasi. Mwaka 2015 iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za Wanubi, ikiwemo haki ya mali.

Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hatimiliki ya ekari 288 kupitia wadhamini wake, eneo lisilofika asilimia 7 ya lile la mwaka 1918. Kwa hiyo anayefuatilia kiwanja cha familia ahakikishe kwanza, kwa ramani na mpima ardhi mwenye leseni, kama kiwanja kimo ndani ya ekari hizo 288: kilichomo kinahusu wadhamini na kanuni zao, na kilicho nje kinahitaji madai tofauti.