Kukamua kava nyumbani: kama unajua tui la nazi ushafika nusu ya safari

Wadau, naishi Auckland na majirani zangu ni Wafiji, Ijumaa jioni wanakaa mkekani na beseni lao la mti, la miguu, linaitwa tanoa, wanakunywa grogi mpaka usiku wa manane. Grogi ndo kava, jina lake la nyumbani ni yaqona. Ni kinywaji cha kulegeza mwili, kinakamuliwa kwenye unga wa mzizi wa mmea wa ukoo mmoja na pilipili manga. Nilivyofundishwa ndo nawapa.

Kwanza unga. Ulizia kava ya mizizi mitupu, isiwe na majani wala maganda ya shina, na iwe aina wanayoita noble. Kuna nyingine inaitwa tudei, yaani siku mbili, na kweli uchovu wake unakuganda siku mbili, hiyo achana nayo. Vanuatu, nchi nyingine ya visiwa huko Pasifiki, wana sheria tangu 2002 inayozuia tudei kuuzwa nje.

Pili tumbo. Usile kama masaa matatu hivi kabla. Mi siku ya kwanza nilitoka kula pilau, nikanywa sikusikia kitu, nikaongeza, nikaongeza tena, nikaishia chooni natapika.

Tatu, na hapa ndo kazi yote ilipo, maji. Yawe ya baridi au uvuguvugu tu, ukitumbukiza kidole usishtuke. Kava ina wanga mwingi, ukimwagia maji ya moto unavimba unakuwa kama uji wa muhogo na hauchujiki, nimeshamwaga gramu 50 nzima hivyo afu jirani akacheka mpaka akakaa chini. Kipimo changu ni gramu 50 kwa lita moja. Kifumbu hakifai, unga ni laini unapita wote, tumia mfuko wa shashi au kitambaa chepesi kisafi. Tia unga, funga mdomo, zamisha, kamua kama machicha ya nazi: bonyeza, achia unga unywe maji, bonyeza tena, dakika kumi bila uvivu. Maji yatageuka rangi ya mto wakati wa masika na juu utaona kama mafuta yanang'aa, hapo imekubali. Machicha usitupe, tia maji nusu ukamue tena, hilo ni tui la pili, jepesi ila lafaa.

Kunywa sasa. Kikombe ni kifuu cha nazi, bilo. Kwa Wafiji ukipewa unapiga kofi moja mikono ikiwa imekunjwa kidogo ili itoe mlio mzito, unasema "Bula!", unakunywa yote kwa mkupuo, unarudisha kifuu, unapiga makofi matatu. Usinywe kidogo kidogo kama chai, ladha ni udongo na uchungu, hakuna cha kuonja pale. Weka kipande cha nanasi karibu. Ulimi na midomo vitakufa ganzi kama umetafuna karafuu, usiogope, inaisha. Subiri dakika 15 mpaka 20 ndo upokee kingine. Mwili unalegea, maneno yanapungua, kichwa kinabaki na akili zake. Wengine mara ya kwanza hawasikii kitu kabisa mpaka wanywe siku mbili tatu.

Siku hizi Marekani kuna baa za kava, wanachanganya na juisi ya embe au tui lenyewe. Majirani zangu wanakunja sura wakisikia, mi naona tui linaukata ule uchungu vizuri tu.

Ila jamani: usichanganye na pombe, na usishike usukani. Mwenye shida ya ini, mjamzito, anayenyonyesha, au anayemeza dawa za usingizi au za msongo wa mawazo, aipite kabisa. Na isiwe kila siku, wanywaji wakubwa ngozi inakauka inabanduka kama magamba ya samaki.

Ikibaki weka frijini, imalize kesho yake, na uitikise kwanza maana nguvu yote inatuama chini.